Daftari la wiki: Kuku ana mwenyewe

Jumatatu

Shule zimefungwa, watoto wako uani, na upepo wa mwezi wa sita unapuliza vumbi tangu alfajiri. Nimewauliza swali dogo: kuku huyu ni wa nani? Nimejibiwa kabla sijashusha kidole. Yule mtetea mwekundu ni wa binti yangu mkubwa, alipewa na bibi yake. Yule kishingo ni wa kitinda mimba. Jogoo mweupe anaitwa Waziri, na mwenyewe ni kijana wa katikati, ambaye hakubali mtu mwingine amfungulie asubuhi. Vifaranga kumi na kitu wanaomfuata koo bado wana mgogoro, kwa sababu mayai yalichanganywa kwenye kiota kimoja.

Nenda sasa stendi ya Misuna, hapa Singida, uwaangalie kuku waliomo kwenye matenga wakingoja basi la Dar es Salaam, uulize swali hilohilo. Utatajiwa mchuuzi, labda na mnunuzi wa mjini. Kuku wa Singida ana jina kubwa huko Dar, wauzaji humtaja kwa mkoa wake kama watu wanavyoutaja mchele wa Kyela. Lakini mwanamke aliyemmwagia pumba kila asubuhi, na mtoto aliyehesabu kuku jioni kabla ya kufunga banda, hawatajwi popote kwenye safari hiyo.

Katika nyumba nyingi za mkoa huu ng'ombe ni wa baba, na akitaka kuuzwa watu hukaa kitako wakazungumza. Kuku ni wa mama na watoto, na ndiye anayeuzwa bila kuulizwa mtu: mgeni ameingia, deni limefika, mchango wa msiba umepitishwa, mtu anamkamata wa kwanza aliye karibu. Mimi nasema mwenyewe aulizwe, hata kama ana miaka saba. Akikataa, atafutwe kuku mwingine. Akikubali, apewe pesa yake mkononi aone imetoka wapi na inakwenda wapi.

Wapo wanaosema kumpa mnyama jina ni kumharibu mtoto, kwamba siku ya kuchinja atalia. Atalia, ndiyo. Nimeona pia kwamba mtoto aliyempa kuku wake jina ndiye anayegundua mapema kuwa leo kuku huyo kasimama pembeni, kanyong'onyea, hali. Katika ufugaji wa kienyeji hiyo si hisia ya kitoto tu. Ndiyo inayookoa banda.

Jumanne

Leo tumechanja. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huzidi kutuandama miezi ya kiangazi, na kila mwenyeji wa hapa anaujua: kinyesi cha kijani, mabawa yaliyolegea, shingo inayopinda, kisha asubuhi moja unafungua banda na kukuta kimya. Hauna dawa. Ukishaingia kwenye banda ambalo halikuchanjwa unaweza kumaliza karibu kuku wote, na kwa mama anayetegemea mayai kununua chumvi na daftari, huo ni msiba wa uchumi ambao haumo kwenye ripoti yoyote.

Chanjo iko, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tunayotumia ni ile ya I-2. Mbegu yake ilitoka Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na hapa nchini inatengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja kwenye jicho moja, basi. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Uzuri wake mkubwa kwa mikoa kama wetu ni kwamba inastahimili joto kuliko chanjo za zamani. Haimaanishi iachwe juani, la hasha, lakini mchanjaji anayekwenda vijijini anaweza kuiviringishia kitambaa kibichi, akaitia kwenye kikapu kinachopitisha hewa, na ubaridi wa maji yanayokauka ukamfikisha salama. Nimefurahi sana kujua kwamba kikapu cha bibi zetu kimepata kazi kwenye sayansi ya mifugo.

Shida moja ni ya kijamii. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ukishaifungua huwezi kuiweka hadi mwezi ujao. Kwa hiyo nyumba moja ikichanja peke yake inamwaga pesa, na jirani asipochanja ugonjwa unapita uzio. Tumefanya kama tunavyofanya kila mara: nyumba kadhaa za mtaa zimechangia, mchanjaji kaanza mwisho wa barabara kabla jua halijapanda, kuku wakiwa bado wamefungiwa. Kazi ya watoto ni kushika. Mkono mmoja kwenye mabawa, mwingine unageuza kichwa taratibu, jicho liangalie juu. Ukiona tone limeingia na kuku kapepesa, mwachie. Binti yangu alikuwa na daftari akiandika kila nyumba na idadi ya kuku wake. Kitinda mimba alimshika kishingo wake mwenyewe na kumsemesha kwa sauti ya chini muda wote.

Ukishamwona kuku mgonjwa umechelewa. Hili nimelirudia kwa jirani mmoja aliyesema atasubiri kwanza aone kama mwaka huu utakuja. Nikamwambia, baba yangu mdogo, wakati wa kuchanja ni huu ambapo kuku wako wote wanaparua.

Jumatano

Punda wawili wamepita na madumu ya maji, mvulana nyuma yao anapiga mluzi, fimbo kwapani bila kuitumia. Nimempenda bure. Kwa mnyama anayebeba maji, magunia, kuni na wakati mwingine mgonjwa, punda wetu anashukuriwa kidogo mno. Miaka ya karibuni nusura wamalizwe, kwa sababu ngozi yao ikichemshwa hutoa gundi inayotumika katika dawa za asili za China, na Dodoma na Shinyanga, jirani zetu kabisa, zilipata machinjio ya punda. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Sijui uamuzi gani wa mkutano ule uliogusa madumu ya Singida kuliko huo.

Alhamisi

Mbuzi wetu kazaa pacha na kamkataa mmoja. Kila akisogea anapigwa pembe. Bibi wa nyumba ya tatu alikuja bila kuitwa, akaamkiwa, akaketi kwenye kigoda, akaagiza chumvi. Akampaka mtoto wa mbuzi mgongoni na kwenye makalio ili mama amlambe, na katika kulamba amzoee. Wakati tunasubiri akatukamulisha dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, mtoto anyweshwe kwa chupa yakiwa na uvuguvugu. Ndani ya dang'a kuna kinga ambayo mtoto wa mbuzi hazaliwi nayo, na asipoipata saa za mwanzo hata umlishe nini baadaye atakuwa dhaifu. Bibi hakusema habari za kinga. Alisema tu, "Asipokunywa hili leo, mjukuu wangu, kesho msinisumbue."

Tulipokuwa pale alitusimulia tembe alimozaliwa. Watoto hawajawahi kulala kwenye tembe, wameiona kwa mbali tu: nyumba ndefu ya miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo, dari fupi, giza tulivu mchana. Upande mmoja walilala watu, upande mwingine ndama na mbuzi. Usiku ulisikia wanacheua. Ndama akiugua hakuna aliyehitaji kuambiwa, kwa sababu pumzi yake ilikuwa chumbani. Joto lao lilisaidia katika baridi ya miezi hii, na fisi hakuwafikia bila kupita kwa baba.

Watu wa mjini huona hiyo kuwa ni dhiki. Mimi naona ni mpango wa nyumba uliofikiriwa. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Harold Schneider, aliyekaa kwa Wanyaturu wa Wahi kati ya 1959 na 1960 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1970, aliandika kwa kirefu jinsi mifugo na nafaka zilivyofungamana: samadi ndiyo iliyolitia nguvu shamba, shamba likitoa mtama na uwele wa ziada, ziada ikabadilishwa mifugo. Mwenye ng'ombe alikuwa na shamba zuri kwa sababu ya zizi lake. Kwa hiyo zizi kuwa mlangoni haikuwa uzembe wa usafi. Siwaombi watu warudi kulala na ndama. Moshi na viroboto vya tembe bibi mwenyewe hakusahau kuvitaja. Ninachoomba ni kwamba tunapochora nyumba za matofali na bati tukumbuke kuuliza mbuzi watalala wapi, kabla ya kuuliza gari litaegeshwa wapi.

Kufikia jioni mama mbuzi alikuwa anamlamba. Pembe bado zinatikisika, lakini ananyonyesha.

Ijumaa

Watoto wamechota udongo wa mfinyanzi karibu na Ziwa Kindai na kufinyanga ng'ombe. Pembe ndefu, nundu, kiwele kwa uangalifu mkubwa. Yule wa katikati amefinyanga na punda mwenye madumu. Zizi limetengenezwa kwa mabua ya mtama.

Bibi naye amemfundisha binti yangu kuanza kitako cha kikapu. Ni sehemu ngumu kuliko zote: ukikaza mno kinapinda, ukilegeza kinatoboka. Kifumwe, kifumuliwe, kifumwe tena, na bibi hasifii mpaka kikae sawa sakafuni. Kikapu hicho kimekusudiwa kuwa kiota cha kutagia, kining'inizwe ukutani panya wasifike. Nimeona pia bibi anavyosafisha kibuyu cha maziwa: kijinga cha moto kinatiwa ndani, kinazungushwa, masizi yanafutwa, na maziwa yatakayogandia humo yanapata harufu ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuifikia. Mafuta yanayojitenga kibuyu kikisukwasukwa ni siagi, nayo ikichemshwa ndipo inapatikana samli. Kijiko kimoja cha samli hiyo tumekihifadhi kwa ajili ya kesho.

Jumamosi

Siku ya mkate. Hatuna oveni, wala sioni kwamba tumepungukiwa. Sufuria kubwa inawekwa kwenye jiko la mkaa na mchanga safi chini yake ndani. Mchanga ukishashika moto, sufuria ndogo yenye kinyunya inaketishwa juu ya mchanga. Kubwa inafunikwa kwa bati, na juu ya bati unapanga mkaa unaowaka. Siri yote iko kwenye mgawanyo: mkaa mwingi juu, kidogo chini. Chini mchanga unatunza moto wenyewe, na ukizidisha utapata mkate mweusi kitako na mbichi moyoni. Upepo wa Singida ni adui hapa, unapuliza mkaa wa upande mmoja ukawaka kuliko mwingine, kwa hiyo jiko liwekwe nyuma ya ukuta na sufuria izungushwe mara kwa mara.

Unga wetu ni wa ngano, na uwele kiasi cha robo. Usizidishe. Uwele una utamu ninaoupenda mno, lakini hauna mnato wa ngano wa kushikilia hewa ya hamira, na mkate utakaa chini. Mafuta ni ya alizeti, yaliyokamuliwa hapahapa. Sukari tumeiacha, tumetia asali ya Itigi. Mayai ya kienyeji ni madogo, basi pale watu wanapoweka mawili ya kisasa sisi tunaweka matatu, na kiini chake kinaupa mkate rangi ya manjano ambayo wageni hudhani tumetia kitu. Ni majani tu, wadudu na mahindi waliyoparua kuku wenyewe. Kwa baridi hii kinyunya kimechelewa kuumuka. Tumekifunika kanga, tukakiweka karibu na moto, tukasubiri.

Tukiwa tunasubiri nimewaeleza watoto safari ya alizeti. Punje inakamuliwa, mafuta yanaingia kwenye mkate. Mashudu yanayobaki ni chakula cha kuku na mbuzi chenye protini nyingi. Kinyesi chao kinarudi shambani kabla ya mvua za Novemba na Desemba. Tanzania bado inaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, na mkoa huu uliojulikana hadi viwanjani kwa alizeti, pale Singida United ilipoitwa Walima Alizeti, una sababu zote za kuongeza ekari. Lakini ukiniuliza shamba la alizeti lianzie wapi, nitakuonyesha banda la mbuzi.

Mkate umeiva. Upande mmoja umeungua kidogo. Samli ilitosha vipande vyote.

Jumapili

Mnunuzi amepita getini na tenga kwenye baiskeli. Kamwona Waziri. Katoa bei, nami nikamwambia mwenyewe yule pale, zungumza naye. Mtu mzima yule, kwa heshima kabisa, akachuchumaa mbele ya mtoto wa miaka kumi na kuanza upya kutaja bei. Kijana akamgeuza jogoo wake, akamwonyesha makucha, akaeleza kuwa amechanjwa Jumanne, akataja bei ya juu zaidi. Wakavutana. Mwishowe Waziri hakuuzwa, lakini majogoo wadogo wawili, ambao hawakuwa na majina, wameondoka kwenye tenga, na pesa imegawanywa mbele yangu: sehemu ya viatu vya shule, na sehemu imewekwa kwenye kopo la chanjo ya Septemba.

Daftari la binti yangu lina majina ya nyumba zilizochangia Jumanne. Nyumba za hapa kwetu Mandewa ambazo hazimo na zinataka kuingia zamu ijayo zimwone yeye, si mimi, na ziende na idadi kamili ya kuku, pamoja na vifaranga.