Mahindi Yanatembelewa Shambani, Mtoto Asiyeweza Kukaa Anaambiwa Apande Basi



Najua kwenye magrupu wiki nzima mmekesha na majina ya watia nia, nani kamkata nani, nani kahamia wapi. Sawa, siasa ndiyo hiyo. Leo naomba dakika kumi tu niongelee dada yangu na nauli ya basi.

Dada anaishi kijijini kwetu, kilometa 14 kutoka lami. Mtoto wake wa pili, mpwa wangu, ana miaka sita na ana mtindio wa ubongo. Hakai mwenyewe, hasimami, shingo ndiyo kwanza imeanza kukaza. Alipogundulika, dada aliambiwa amlete hospitali kwa mazoezi mara mbili kwa wiki. Ushauri sahihi kabisa. Sasa pigeni hesabu pamoja na mimi. Bodaboda hadi lami 6,000. Basi hadi mjini 5,000, hapo konda akiwa na utu, maana wengine wakiona mtoto mkubwa amepakatwa wanadai nauli ya pili. Bodaboda hadi hospitali 2,000. Kwenda na kurudi 26,000, hujala, hujanunua hata maji. Mara mbili kwa wiki 52,000. Kwa mwezi wa wiki nne 208,000. Dada analima nusu eka ya mpunga na anauza vitumbua.

Alienda mara saba. Ya nane hakwenda. Kwenye faili la mtoto pakaandikwa kwamba mzazi ameacha tiba.

Mzazi ameacha! Barabara imemwacha, bima imemwacha, halmashauri imemwacha, halafu anayeandikwa kuacha ni yeye.

Baadaye mradi wa shirika moja ukapita kwenye kata yetu. Kijana wa fiziotherapia akawa anakuja na pikipiki, kila baada ya wiki mbili. Siku ya kwanza hakufanya mazoezi yoyote. Alikaa jikoni kwenye kigoda akamwangalia dada akimlisha mtoto uji. Dada alikuwa anamlisha mtoto amelala chali mapajani, kama sote tulivyoona wakubwa wakifanya. Yule kijana akamuuliza: huyu amewahi kuugua nimonia? Mara tatu. Akaeleza kwamba mtoto asiyeweza kumudu shingo akilishwa chali, uji unapotea njia unaingia kwenye mapafu. Akamwonyesha namna ya kumkalisha wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kinakuja kutoka mbele na siyo kutoka juu. Gharama yake sifuri. Hospitali kubwa isingeliona hilo hata angeenda mara mia, kwa sababu hospitali hakuna jiko la dada yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini huduma hii inatakiwa iende nyumbani. Wengi wetu tunadhani ni anasa, mgonjwa kufuatwa kama mfalme. Hapana. Kwa mtu mwenye ulemavu nyumba yenyewe ni sehemu ya tatizo, na ndiyo sehemu ya dawa pia. Choo cha kuchuchumaa, kizingiti kirefu, kitanda cha kamba kilichobonyea katikati, kisima kilicho bondeni. Mtaalamu wa tiba kazi akifika hapo anajua la kufanya: vyuma viwili vya kushikia chooni, kizingiti kisawazishwe, kiti cha kona kichongwe na fundi wa hapohapo kijijini. Cha mpwa wangu kilichongwa kwa mbao chakavu. Mzee aliyepata kiharusi anafundishwa kuinuka kutoka kwenye kitanda chake mwenyewe, siyo kitanda cha wodini chenye kupanda na kushuka. Aliyevunjika uti wa mgongo, mkewe anafundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili, maana kidonda cha mgandamizo kikianza matakoni kinaweza kumuua mtu ambaye ajali haikumuua. Kiharusi nacho hakingoji mavuno yauzwe ndipo ipatikane nauli. Miezi ya mwanzo ndiyo mwili unarudisha mengi, ikipita kwenye mkeka misuli inakaza na viungo vinajikunja.

Yule kijana alikuja mara tano. Fedha za wafadhili zikaisha, pikipiki ikaondoka.

Msije mkadhani nchi hii haijui tiba ya nyumbani. Inaijua vizuri. Niliuliza bei Dar, nikaambiwa 40,000 kwa saa moja, mtaalamu anakufuata hadi Mbezi Beach au Masaki na mkeka wake na mipira yake. Mtoto wa mkubwa anafuatwa sebuleni. Mtoto wa mkulima anafuata lami kilometa 14, mgongoni kwa mama yake. Halafu machawa wanatuimbia kuupiga mwingi.

Sheria zipo, msidanganywe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tuliuridhia mwaka 2009, na ibara yake ya 26 inataka huduma za utengamao zianze mapema iwezekanavyo na ziwe karibu kadiri inavyowezekana na pale watu wanapoishi, vijijini pia. Karibu. Vijijini. Wametia saini wenyewe, hatukuwashikia mkono.

Na sensa ya 2022 ni ya kwao: asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Zaidi ya mtu mmoja katika kila tisa. Mpwa wangu na miaka yake sita hata kwenye hesabu hiyo hayumo.

Ngoja niwakumbushe na la bima, maana watu tunasahau haraka. Machi 2023 NHIF ilisitisha kusajili mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, ile ya 50,400 kwa mwaka. Sababu waliyotoa ni kwamba wazazi wanaleta watoto ambao tayari ni wagonjwa. Watoto wakaambiwa waingie kupitia shule. Sasa mtoto asiyeweza kukaa, ambaye shule ya kijiji haina hata njia ya kupitisha kitimwendo, ataingia kupitia shule ipi? Aliyepanga utaratibu ule hakuwa na nia mbaya, naamini hivyo. Hakuwakumbuka tu. Na kutokukumbukwa ndiyo ulemavu mkubwa kuliko wote katika nchi hii. Najua kadi baadaye ilirudishwa baada ya kelele. Lakini utotoni mwaka mmoja bila mazoezi haurudishwi na tangazo.

Sasa njooni kwenye kichwa cha habari. Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani. Jambo zuri, mimi mtoto wa mkulima silipingi. Afisa anatoka ofisini, anafika shambani, anaangalia mahindi yamepatwa na nini, anamwelekeza mkulima, anarudi tena baada ya wiki kadhaa. Hakuna mtu mwenye akili aliyesema mkulima ang'oe mahindi yenye viwavi ayapeleke mjini yakaonwe. Ni wazo hilohilo! Tunaomba pikipiki zilezile, mafuta yaleyale, kwa ajili ya watu.

Watajibu hakuna wataalamu. Ni kweli hawatoshi, ila msiwaachie jibu hilo likapita bila swali. KCMC pale Moshi wanafundisha fiziotherapia, wanafundisha tiba kazi, na chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi wa miguu bandia na vifaa saidizi tangu miaka ya 1980. Nimesoma sekondari na jamaa aliyemaliza fiziotherapia. Leo anauza kava za simu Kariakoo, na ukimuuliza habari za misuli ya bega anakueleza mpaka wateja wanasogea kusikiliza. Kwa hiyo nchi haina mtaalamu, na mtaalamu hana kazi. Hii hesabu nani kaipiga?

Twende na namba basi. Halmashauri ziko 184. Weka wataalamu wawili wa utengamao kila moja, kazi yao kutembelea majumbani tu. Ni watu 368 na pikipiki 368. Nyumba tano kwa siku, siku tano za wiki, ni nyumba 25. Kila familia ikitembelewa kila baada ya wiki mbili, mtaalamu mmoja anabeba familia 50. Wawili 100. Nchi nzima familia 18,400. Ni tone, nakubali. Lakini hilo tone ni watu 368 tu wa kuajiri. Na kati ya ziara na ziara kazi ya kila siku inafanywa na mama, baba, bibi, aliyefundishwa vizuri. Serikali yenyewe Januari 2024 ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000. Tunataka kila mmoja wao ajue kumkalisha mtoto mwenye mtindio na kumgeuza aliyelala kitandani. Hiyo haihitaji digrii.

Kuna diwani wa chama tawala aliniambia, kwani hawana ile asilimia mbili ya mikopo ya halmashauri? Mheshimiwa, mkopo wa biashara kwa mtu ambaye mikono yake imejikunja kwa sababu hakupata mazoezi ataushikia wapi?

Na sisi tusijisafishe. Nimehudhuria mikutano yetu mingi ya hadhara, na wakalimani wa lugha ya alama niliowaona nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Majukwaa yetu yana ngazi za mbao ambazo hata mimi mzima nazipanda kwa dua. Nilipoleta hoja hii kwenye kikao cha vijana, kamanda mmoja akaniambia eti haina kura. Nikamwambia ahesabu tena: mwenye ulemavu, mama yake, baba yake, ndugu wanaochanga nauli. Alinyamaza, ila sina hakika kama alikubali au alichoka tu kunisikiliza.

Kazi ya wiki hii ni hii. Muulizeni diwani wenu, wa chama chochote kile, swali moja: halmashauri yetu ina wataalamu wangapi wa utengamao, na mwezi uliopita walitembelea nyumba ngapi? Msikubali jibu la "mchakato unaendelea". Mtakayoambiwa andikeni hapo chini pamoja na jina la kata, tukusanye tuyapeleke kwenye vikao vya bajeti.

Mimi Jumamosi naenda kijijini na mbao mbili na msumeno wa kuazima. Mtoto amekua, kile kiti kimembana kiunoni, na wa kupima kingine hayupo.