Nambari Isiyo na Jina

Mama wa nyumba akiambiwa dukani kwamba gunia lina uzito wa 50, hatatoa fedha zake mpaka aulize: 50 za kilo, ama 50 za ratili? Nambari peke yake haijasema kitu. Juma hili natutazame jinsi jambo hilo hilo linavyotokea ndani ya kompyuta, maana huko muuzaji haonekani, na mara nyingi hakuna anayeuliza.

Vyombo vingi huzungumza na kompyuta kwa njia ya waya. Alama za umeme, ziitwazo biti, hupita moja moja kama askari wapitao mlango mwembamba. Kila biti ni 0 au 1. Kompyuta huzikusanya nane nane, kisha programu hulazimika kuzionyesha kiooni kwa sura ambayo mwanadamu ataielewa. Chukua fungu hili: 01000001. Likisomwa kwa hesabu yetu ya kawaida ni 65. Likisomwa kwa ile hesabu ya kumi na sita waipendayo mafundi, ni 41. Likisomwa kama herufi, ni A. Hakuna sura iliyo ya uongo. Lakini aonaye 41 akadhani ni hesabu ya kawaida amekwisha kupotea.

Mfano ulio karibu na kazi ya ulinzi ni kipokezi cha GPS, chombo kinachomwambia mtu mahali alipo. Vipokezi vingi hutuma habari zao kwa kanuni iitwayo NMEA 0183, ambayo mwendo wake wa kawaida ni biti 4,800 kwa sekunde. Kipokezi kikiwa katikati ya Kampala, kitaandika latitudo 0018.816 pamoja na herufi N, yaani kaskazini; na longitudo 03234.866 pamoja na E, yaani mashariki.

Hapo pana mtego. Tarakimu mbili za mwanzo za latitudo ni digrii, na zinazobaki ni dakika. Longitudo hupewa tarakimu tatu za digrii. Basi latitudo hiyo ni digrii 0 na dakika 18.816. Kwa kuwa digrii moja ina dakika 60, tukigawanya tunapata digrii 0.3136. Kwa njia hiyo hiyo longitudo ni digrii 32.5811.

Mtunga programu asiyelijua jambo hili akisogeza nukta tu, atapata 0.18816 na 32.34866. Kiooni nambari hizo zitapendeza, ila mahali pamehama kilomita 29 hivi, hadi pande za Mpigi. Na programu ikizitupa sifuri za mbele kwa kudhani hazina kazi, latitudo itabaki 18.816. Atakayeisoma kama digrii atajikuta katika jangwa la kaskazini mwa Sudan!

Msidhani haya ni mambo ya darasani tu. Tarehe 5 Desemba 2001, kaskazini ya Kandahar huko Afghanistan, ndege ya B-52 iliwaangushia askari wa upande wake bomu la kilo 900 hivi. Askari watatu wa Marekani walikufa pamoja na Waafghani kadhaa, na Hamid Karzai alijeruhiwa kidogo. Ilielezwa baadaye kwamba betri ya kipokezi ilikuwa imebadilishwa, na kilipowaka tena kilionyesha mahali kilipokuwa chenyewe, si mahali pa adui. Nambari ilikuwa sahihi kabisa. Lililokosekana ni jina lake: hii ni ya nani, na ni ya wapi?

Basi kijana anayejifunza kazi hii ashike mambo manne. Kwanza, kila nambari iandikwe pamoja na kipimo chake na aina ya hesabu yake. Pili, sifuri zenye kazi zisifutwe. Tatu, tarakimu zisizidi ukweli: sehemu moja ya elfu ya dakika ya latitudo ni karibu mita 2, na kipokezi cha kawaida chaweza kukosea kwa mita kadhaa, basi kujaza tarakimu nane baada ya nukta ni majivuno matupu. Nne, chombo kisipojua kilipo, kioo kiseme wazi kwamba hakuna habari, wala kisiendelee kuonyesha nambari ya zamani kana kwamba ni ya sasa.

Nasi tusomao vioo hivyo tuna wajibu wetu. Askari atajapo mahali kwa redio, ataje pia kama ni digrii na dakika, ama digrii na sehemu za kumi; na apokeaye arudie alichosikia. Mama yule wa dukani hakuona haya kuuliza. Sisi tuone haya ya nini, hali tunapima roho za watu?