Kata Si Mchezo wa Kuchekwa

Vijana wetu wa Pwani hudhani karate ni mateke ya sinema tu. Kata haina wa kupigwa: mchezaji husimama peke yake, akipambana na adui asiyeonekana, na waamuzi humpima nguvu na utulivu wake. Ryo Kiyuna wa Okinawa aliianza utotoni, na mwaka 2021 akatwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo. Jukwaani alipanda na picha ya marehemu mamake.

Michezo ya Paris, mwaka 2024, ikaiacha karate. Je, wazazi wenzangu, tuwakataze watoto kwa kuwa nishani haipo? La, hasha! Nionavyo mimi, nishani ni tunda tu. Mti ni adabu na subira. Wacheza kirumbizi wa Lamu watanielewa: fimbo bila adabu ni ugomvi.