Sikiliza mguu kabla hujashika chuma!

  

Leo nataka tuongee na wale wenzetu waliokwenda hospitali, wakapimwa, wakaambiwa "una diski". Wakishatoka pale hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la waoga. Huyu anarudi nyumbani, anajitupa kitandani na kutangaza kwamba mazoezi basi tena, hata ndoo ya maji hagusi mpaka anaingia kaburini. Kundi la pili ni la wababe. Huyu anameza diklofenaki, anafunga mkanda mpana kiunoni, na jioni yuko jimu ya mtaani anagombana na vyuma vya sementi kama kawaida yake. Ukimuuliza anakwambia, "Acha woga mshikaji, mgongo unataka kunyooshwa!"

Wote wawili wanapotea njia. Na kama mkate wako unautafuta kwa mwili, iwe kwa kubeba mizigo, kuendesha bodaboda au kuuza nguo kwa kuzunguka, ukikosea hapa unaweza kukosa kazi miezi mingi. Basi tulia nikupashe.

HIYO DISKI NI KITU GANI?

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katikati ya pingili na pingili kuna kimto, na vimto hivyo viko 23. Hizo ndizo diski. Kila moja ina ukuta mgumu wa nyuzinyuzi kwa nje, na ndani ina ute mzito. Ukuta ukichoka na kuchanika, ule ute husukumwa nje. Bahati mbaya, kwa nyuma pale ndipo ilipopita mizizi ya mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Ute ukiugusa mmoja wapo, mshipa unabanwa na kuvimba. Ndiyo maana mtu ana tatizo kiunoni lakini analia na tako, paja, shavu la mguu, mpaka vidole, utadhani amepigwa shoti ya umeme.

Kwa hiyo diski haihami kama mpangaji aliyeshindwa kodi! Haijakaa pembeni inasubiri mtu aisukume irudi. Yule jamaa anayekulaza chini na kukukanyaga mgongo akidai "anairudisha", hairudishi kitu. Anakuongezea balaa tu.

Mambo haya yalianza kueleweka vizuri mwaka 1934, pale madaktari wawili wa Boston, Marekani, Mixter na Barr, walipoandika kwamba diski iliyopasuka ndiyo inayoweza kubana mishipa ya mguu. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo, wagonjwa wengi waliendelea kuambiwa walale tu.

KULALA HAKUSAIDII

Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walichukua wagonjwa 183 wenye maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni. Nusu waliambiwa walale wiki mbili, nusu wakaambiwa waendelee na shughuli zao kwa kadiri wanavyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa na nafuu. Yaani aliyelala na asiyelala walifika pamoja, ila aliyelala alipoteza wiki mbili za maisha yake bure.

Na lingine la kukutuliza moyo. Mwaka 1994 Wamarekani waliwapiga picha ya MRI watu 98 ambao hawaumwi mgongo kabisa. Zaidi ya nusu walionekana wana diski angalau moja iliyovimba, na wala hawana habari! Kwa hiyo ukiona picha yako imeandikwa maneno ya kutisha, usianze kuandika wosia. Zaidi ya hapo, ute uliotoka mara nyingi hunywea wenyewe kadiri miezi inavyokwenda, kwa sababu mwili unausafisha. Kazi yako ni kuupa nafasi, usiuchokoze.

Sasa utajuaje unauchokoza au unausaidia? Hapo ndipo penye kiini cha mada yetu.

MGUU NDIO MSEMAJI

Mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia aliyeitwa Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa ambaye wiki tatu nzima alikuwa hapati nafuu. Siku moja mgonjwa akaambiwa aingie chumbani alale kifudifudi. Kumbe kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa upande mmoja. Jamaa akalala hivyo hivyo, mgongo umepinda kwa nyuma. McKenzie alipokuja kumtazama, roho ikamruka! Lakini mgonjwa akasema mguu haujawahi kuwa na nafuu kama siku ile.

Kuanzia hapo likapatikana somo ambalo wataalamu wengi wanalitumia hadi leo: angalia maumivu yanaelekea wapi. Yachukulie kama taa za barabarani.

Taa ya kijani: maumivu yanaondoka kwenye vidole au shavu la mguu na kupanda juu, yanabaki tako au kiuno. Hata kama kiuno chenyewe kinauma kidogo zaidi, hiyo ni dalili njema. Endelea.

Taa ya njano: maumivu hayapandi wala hayashuki. Punguza, nenda taratibu, utazame kesho yake asubuhi unaamkaje.

Taa nyekundu: maumivu yanashuka zaidi, ganzi inaongezeka au mguu unalegea. Acha zoezi hilo saa hiyo hiyo, hata kama umeliona kwenye video likifanywa na baunsa mwenye kifua kama kabati.

Na tafadhali, usimeze dawa ya maumivu ili upate kubeba chuma. Hapo unakuwa umeizima taa huku gari linakwenda. Na dawa hizo ukizizoea, vidonda vya tumbo vinakusubiri.

MAZOEZI YENYEWE

La kwanza ni kutembea. Usicheke! Anza na dakika 10 kwenye njia tambarare, mara mbili au tatu kwa siku, mikono ikiyumba. Ukiona dakika 10 ni nyingi, anza na tano.

La pili, lala kifudifudi kwenye mkeka dakika mbili au tatu. Kama mguu haulalamiki, inuka kwa viwiko kama mtu anayesoma gazeti chini. Ukizoea, sukuma kwa mikono ukinyanyua kifua huku nyonga zimebaki chini, rudi, rudia mara 10. Angalia taa zako. Wapo ambao zoezi hili haliwafai, hao waliache na wamwone mtaalamu awatafutie upande unaowafaa.

Maumivu makali yakishapungua, ongeza mazoezi matatu ya kukaza misuli ya kiuno, ambayo Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, aliyachagua kwa sababu yanajenga misuli bila kuikandamiza sana diski.

Mosi, lala chali, goti moja limekunjwa, mikono chini ya kiuno. Nyanyua kichwa na mabega kidogo tu kutoka chini. Sio sitapu!

Pili, lala kiubavu, jiegemeze kwa kiwiko, magoti yamekunjwa, kisha nyanyua nyonga. Badilisha upande.

Tatu, kaa kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo umetulia kama meza. Badilisha.

Kila moja shikilia sekunde zisizozidi 10. Fanya mara 6, pumzika, mara 4, pumzika, malizia mara 2. Basi. Hapa hakuna sifa za kufanya nyingi.

VYA KUWEKA PEMBENI KWANZA

Wakati mguu bado unauma, achana na sitapu, kugusa vidole vya miguu magoti yakiwa yamenyooka, kichurachura, kuruka kamba, na ile mashine ya kusukuma chuma kwa miguu huku magoti yanakuja kifuani. Kuokota chuma kizito sakafuni ndiyo usiguse kabisa. Vyote hivi vinaikunja au kuigonga diski pale pale ilipochanika.

Tena kuna jambo la asubuhi ambalo wengi hawalijui. Usiku ukilala, diski zinanyonya maji na kutuna, ndiyo maana unaamka mrefu kidogo kuliko ulivyolala. Diski iliyotuna ukiikunja inaumia upesi. Kwa hiyo saa nzima ya kwanza baada ya kuamka, usiiname sana. Wenye mchezo wa kutoka kitandani na kuingia kwenye mazoezi ya kuinama saa 11 alfajiri, mmesikia?

Na dada yangu, kaka yangu, mazoezi sio ya jimu tu. Kudeki kwa tambara umeinama kama upinde, kufagia uwanja kwa fagio fupi la chelewa, kufua saa mbili beseni likiwa chini, hayo yote ni mazoezi, tena mabaya kwa mwenye diski. Fagio lifunge mti mrefu. Beseni lipandishe juu ya stuli au meza. Ndoo ya lita 20 igawe mara mbili. Ukikaa kwenye daladala au ofisini, simama kila baada ya nusu saa ukipata nafasi.

KURUDI KWENYE VYUMA

Kurudi inawezekana, usikate tamaa. Lakini subiri mpaka maumivu ya mguu yamekwisha, unatembea nusu saa bila shida, na shughuli za nyumbani unazifanya vizuri. Kisha jifunze upya kuinama. Chukua mti wa fagio, uweke mgongoni uguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio. Sasa inama kwa kusukuma makalio nyuma na kukunja magoti kidogo, mti usiachane na sehemu zote tatu. Ukiachana, ujue umekunja kiuno badala ya nyonga. Ukilimudu hilo bila mzigo, ndipo uanze na mzigo mwepesi, uongeze kidogo kidogo kwa wiki, sio kwa siku. Wale wa klabu za jogingi nao waanze kwa kutembea, wachanganye na kukimbia taratibu. Mwenda pole hajikwai.

HAPA USIFANYE MASIHARA

Kuna dalili ambazo ukiziona hakuna cha mazoezi wala mkeka. Ganzi katikati ya mapaja, sehemu zile unazokalia na za siri. Mkojo kugoma kutoka au kutoka wenyewe. Haja kubwa kukuponyoka. Nguvu za tendo la ndoa kupotea ghafla pamoja na hayo. Miguu yote miwili kulegea. Hapo mishipa ya chini kabisa imebanwa, na ni suala la saa, sio siku. Nenda hospitali kubwa usiku huo huo. Najua vijana wengi huona aibu kuyasema haya mbele ya daktari, lakini wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa ukichelewa unaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yako yote.

Jipime pia nyumbani. Tembea hatua 10 kwa visigino, kisha hatua 10 kwa ncha za vidole. Kama mguu mmoja unashindwa, au kandambili inakuponyoka mguuni bila wewe kujua, muone daktari haraka. Na kama mgongo unauma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, huenda sio diski kabisa, inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hicho kina dawa zake. Vile vile ukianguka na bodaboda mgongo ukaanza kuuma, upimwe kwanza.

Kwa wengine wote, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia akuangalie walau mara moja kabla hujaanza. Hospitali nyingi za rufaa wanao, na kwa wakazi wa Dar kuna Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili. Akikuonyesha zoezi lako, lifanye kila siku, sio siku unayoumwa tu.

Haya, kalamu yangu imefika mwisho kwa leo. Wewe uliyelala, amka utembee. Na wewe mbabe, weka chini hicho chuma, uulize mguu wako unasemaje. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!