Daftari Mbili za Majengo



Pita mtaani saa nne asubuhi. Kibarazani utamkuta kijana aliyesomea uhasibu. Shahada iko sebuleni kwao, yeye kila wiki anapeleka barua za kuomba kazi na kurudi mikono mitupu. Hatua chache kutoka hapo kuna fundi wa kuchomelea milango. Kazi yake ni safi, lakini shule ikitaka vitanda anaulizwa risiti ya eTIMS na cheti cha KRA cha kulipa ushuru. Hapo anakwama. Kazi inaenda kwa mwenye makaratasi.

Hawa wawili husalimiana kila siku, na hakuna aliyemwambia mwenzake shida yake.

Tangu Januari 2024, kwa kawaida KRA haikubali gharama za biashara zisizo na risiti ya eTIMS, ndiyo maana wateja wakubwa wanaidai. Na tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Haki ipo, lakini haiji mlangoni. Inafuatwa kwa fomu, hesabu na vyeti.

Fundi atasema, "Msomi nitamlipa na nini?" Kweli, peke yake hawezi. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Fundi, mshonaji, mwenye hoteli, mwenye duka la vipuri na muuza nafaka wakichanga, kila mmoja anamlipa siku moja kwa wiki. Wao wanapata mtu wa hesabu, naye anapata wiki nzima ya kazi.

Vijana, karakana si aibu. Kazi ya kwanza huvuta ya pili.

Waajiri nanyi, msigeuze "nakupa uzoefu" kuwa kazi ya bure. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Andikianeni, hata kama ni mtoto wa jirani.

Tusingoje mtu atoke Nairobi. Wazee wa mtaa na kamati za misikiti, fungueni daftari mbili: moja ya wenye ujuzi, nyingine ya wenye kazi. Msiulize dini wala kabila, Majengo ni ya wote. Kila Ijumaa someni majina. Anayemjua mwenye kazi amwambie mwenye ujuzi, leo, si kesho.