Tusiite Pepo Kilicho Ugonjwa



Juma hili tunapinga waziwazi maneno mawili yanayosikika katika jumuiya zetu ndogo ndogo. La kwanza, kwamba kijana anayetetemeka akiombwa kusoma somo, na kukwepa watu baada ya Misa, ana majivuno. La pili, kwamba dada anayempenda mtu leo na kumchukia kesho, anayeogopa mno kuachwa hata akajikata mikono, ana pepo.

Maneno hayo si imani, ni hukumu ya haraka. Mwaka 1980 hofu ya kijamii na ugonjwa wa haiba uitwao bodalaini viliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Mwenye hofu hiyo hutamani wenzake, ila huogopa hukumu yao. Je, hayo ni majivuno?

Wengine husema bodalaini haiponi. Si kweli. Mary Zanarini na wenzake, wa hospitali ya McLean, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 290 kwa miaka 10. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba asilimia 93 walipata nafuu ya dalili iliyodumu walau miaka 2. Hata hivyo, ni nusu tu waliofikia pia maisha mema ya kazi na mahusiano. Hapo ndipo tunapoulizwa sisi. Tiba hutuliza dalili. Lakini urafiki na nafasi katika jumuiya atavitoa nani, ikiwa sisi tunanyoosha vidole?

Tutaambiwa tunadharau sala. Hasha! Marsha Linehan, Mkatoliki wa Marekani, alilazwa katika hospitali ya akili mwaka 1961 akiwa msichana. Mwaka 1967, akisali katika kikanisa huko Chicago, alijiona amependwa. Hakuishia hapo: alisomea saikolojia, akabuni tiba ambayo utafiti wake wa mwaka 1991 ulionyesha kuwa hupunguza kujidhuru. Sala haikumzuia kutafuta elimu, ilimtuma. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, anamwelekeza mgonjwa kusali na pia kumpa daktari nafasi yake.

Basi, anayemzuia mgonjwa kwenda hospitali kwa jina la Yesu, analitaja bure jina hilo. Tumsindikize mgonjwa kliniki, tusali naye, na Jumapili tumwachie nafasi kwenye benchi letu.

Mungu awabariki.

Paroko wenu