Anayepanga Sebule Ndiye Mtawala wa Nyumba

Wapenzi wa Linux hujigamba kuwa ni watu huru. Mimi nasema uhuru huo, kwa wengi wetu, hukomea kwenye sura ya kwanza ya skrini. Mwaka 2011 Ubuntu iliifanya Unity kuwa eneokazi lake la msingi. Wapo waliokimbilia Linux Mint, ilhali eneokazi jingine lingeweza kusakinishwa palepale walipokuwa. Walihama nyumba kwa kuchukia pazia! Mwaka 2017 Ubuntu ikarejea GNOME. Maamuzi yote mawili yalitoka Canonical, si kwa watumiaji. Chaguo-msingi ni sera isiyopigiwa kura. Ewe mwanafunzi, nawe mtumishi wa umma: kabla hujatamka kwamba umechagua, jiulize ni nani aliyekuchagulia.